Akilia, Nipigie

Mimi ni mtu wa haraka na sipendi kufundishwa. Mume wangu husema ningekuwa mwalimu, ningewatoa wanafunzi wote nje nikabaki darasani peke yangu na chaki. Sasa wazeni wenyewe ilikuwaje pale mwanangu wa mwisho alipopata mchumba Mtaliano, nikalazimika kutoka kwangu Misigiri kwenda Kiomboi kukaa kwenye kigoda mbele ya sista mzee, mimi mwenye wajukuu, nikikata maneno silabi kwa silabi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Binti yangu alikuwa amekwenda Italia kusomea uuguzi. Akamaliza, akapata kazi, na huko huko akampata kijana mmoja mrefu, mpole, anayeanza kucheka kabla hujamaliza kusema. Alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha tulimwandalia wali, akaukataa kwa adabu, akaomba kile tunachokula sisi. Tukampa ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ukamteleza mpaka kwenye kiwiko, akaulamba kiwikoni pale, mbele ya wajomba. Nikamkubali siku hiyo hiyo.

Kijana hakuwa shida. Shida yangu ilikuwa mama yake, ambaye nilikuwa sijamwona hata kwa picha nzuri. Kwenye ukoo wetu binti hakabidhiwi kwa mume. Anakabidhiwa kwa mama mkwe. Siku ya siku, mama aliyezaa anasimama mbele ya mama anayepokea, macho kwa macho, anamwambia neno moja: "Akilia, niite." Yule mwingine anajibu: "Nitakuita." Basi, yamekwisha. Mbuzi, blanketi, hotuba ndefu za wajomba, hayo yote ni mapambo tu. Bibi harusi wakati huo yuko chumba cha ndani na shangazi zake. Anasikiliza kupitia mlangoni na haruhusiwi kutoa sauti.

Na neno hilo halipiti kwa mkalimani. Marehemu mama yangu alikuwa akisema ahadi ikipita kinywani mwa mtu wa kati, inabaki kwa mtu wa kati. Nilijaribu kumshawishi dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mshika mila wetu sasa, kwamba nyakati zimebadilika na kijana mwenyewe anaweza kututafsiria. Dada akaniuliza kama na mtoto nilimzaa kwa mkalimani. Mjadala ukaishia hapo.

Lakini nisimsingizie dada. Mimi mwenyewe nililitaka neno lile. Niliolewa kutoka Sekenke, chini ya mlima, nikaletwa Misigiri huku juu. Masika ya kwanza nilikaa nikalia kutwa nzima. Sikuwa mgonjwa, wala hakuna aliyenigusa. Nilikuwa na hamu ya mama, hilo tu. Mama mkwe wangu, mtu mkali ambaye wakati ule hakunipenda sana, alinitazama, akafunga kanga kiunoni, akateremka mlima kwa miguu mpaka Sekenke. Akafika kwa mama, hata maji hakuyanywa kwanza, akasema, "Mwanao analia." Mama akaja na jogoo kwapani, tukala, nikanyamaza. Tangu siku ile nilimheshimu yule mkwe mpaka nilipomzika.

Sasa mwanangu alikuwa anakwenda mahali ambapo hakuna mlima wa kuteremka kwa miguu. Neno lile lisiposemwa na kujibiwa, niliona kama ninamtupa mtoto. Nilikuwa naogopa, na kwa kuwa mimi nikiogopa huwa mkali, watu wote nyumbani walikoma mwezi ule.

Binti hakuweza kunifundisha, kwa sababu maneno ya kukabidhiwa anatakiwa kuyasikia siku ile ile. Ndipo watu wakanielekeza kwa yule sista mstaafu. Ni mtu wa huku huku, Mnyiramba kama mimi, lakini alikaa Italia miaka mingi akipika katika nyumba ya shirika lao, na sasa anafuga kuku nyuma ya nyumba ya masista. Mimi si Mkatoliki, lakini nilifika na shikamoo yangu na ndoo ya alizeti ya kuku wake, akaitikia marahaba bila kuacha kurusha chakula. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba kwa kuwa siku hizi wito ni simu, neno langu kwa Kitaliano litakuwa hivi: Se piange, telefonami. Akilia, nipigie.

Nikafurahi. Maneno matatu tu. Nikadhani nitarudi nyumbani jioni ile nikiwa nimemaliza.

Ngoja niwaeleze kitu ambacho sikuwahi kukiwaza mpaka nikiwa na miaka hii. Silabi zetu za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, mlango uko wazi, hewa inapita. Li-ma. Pi-ga. Za Kitaliano nyingine zinafunga mlango na mtu yuko ndani. Sista alinianzisha na parlo, yaani ninaongea. Inakatwa par-lo, ile r inabaki kwenye kipande cha kwanza, inakaa hapo imekaza. Mimi nikasema pa-ri-lo. Akanirudisha. Nikasema pa-ru-lo. Akaniuliza ile irabu ya katikati nimeitoa wapi, maana yeye hakunipa.

Hilo la milango nililizoea. Lililonitoa jasho ni uzito. Kila neno lina silabi moja inayobeba uzito, ile ambayo sauti inaikanyaga. Kwetu mambo ni rahisi: uzito unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama baba mwenye nyumba na kiti chake. Piga, uzito uko kwenye pi. Pigia, umehamia kwenye gi. Pigiana, umesogea tena. Hata ukileta wageni wangapi nyuma ya neno, mzee anavuta kiti na kukaa pale pale, wa pili kutoka mlangoni. Unaweza kuongea Kiswahili maisha yako yote usijue kwamba unafanya hivyo.

Vitenzi vya Kitaliano havina kiti. Parlo, ninaongea, uzito uko mbele. Parlare, kuongea, umekuja katikati, nikasema sawa, hawa ni ndugu zetu. Kisha Sista akaleta parlano, wanaongea, nami kwa uhakika wote nikakanyaga katikati, par-la-no, kwenye la. Akatikisa kichwa. Uzito umebaki mbele kwenye par, na silabi mbili zinafuata nyuma kama vifaranga. Halafu akasema parlerò, nitaongea, na hapo uzito umerukia mwisho kabisa, kwenye rò, kama mtu anayeruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama.

Nikakasirika. Nikamuuliza Sista kama hawa watu wana makazi au wanahamahama tu.

"Mama, si wao wanaohama," akasema. "Ni wewe uliyejenga."

Akaendelea kutupia kuku. Nilitaka kuondoka, lakini ndoo yangu ilikuwa bado ina alizeti nusu, na si kawaida yangu kuacha kazi katikati.

Neno lililonishinda ni hilo hilo nililolihitaji. Piange haikuwa na shida: pian-ge, mbili tu, uzito mbele, hata mtoto anaweza. Lakini telefonami! Silabi tano: te-le-fo-na-mi. Mswahili yeyote mwenye akili timamu ataukanyaga uzito kwenye na, nami niliukanyaga pale kila mara. Kumbe wenyewe wanaukanyaga kwenye le, kule nyuma karibu na mwanzo, kisha silabi tatu nyepesi zinashuka zenyewe bila kushikwa. Kila nikijaribu, mdomo wangu unafika kwenye ile na, unashusha mzigo kwa mazoea. Sista alipiga makofi, aligonga sahani ya kuku, alinishika kidevu. Wapi.

Nikamuuliza kama nikisema vibaya yule mama hatanielewa.

"Atakuelewa," akasema. "Labda atacheka kidogo. Wanapenda kucheka."

Hapo ndipo nilipojua kwamba siwezi kuacha. Akicheka, neno langu litakuwa kichekesho, na mtu haweki ahadi juu ya kitu alichokicheka. Nilitaka anijibu kama mama yangu alivyojibiwa na mkwe wangu: uso mkavu na moyo wote.

Wakati huo unga wa harusi ulikuwa haujatwangwa. Kwetu mtama wa harusi haupelekwi mashineni. Mama wa bibi harusi anautwanga nyumbani kwa mikono yake, akisaidiwa na dada zake, hata kama ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kusaga inanguruma kutwa. Kwa hiyo dada alikuja na mchi wake mwenyewe, maana haamini michi ya watu, tukaweka kinu uani. Na siku ile ile binti naye akafika kutoka Italia, akalala nyumbani.

Sasa nikawa sina pa kufanyia mazoezi. Neno siwezi kulisema, binti atalisikia. Sista yuko Kiomboi. Nikatwanga kwa hasira asubuhi nzima, na wale waliowahi kutwanga wanajua kwamba ukichoka unaugonga mchi ukingoni mwa kinu kidogo kabla ya kuuinua tena. Gonga ukingoni, shusha ndani. Gonga, shusha. Nikasimama. Ukingoni ni mwepesi. Ndani ni uzito.

Nikajaribu. Gonga moja ukingoni, te. Shusha ndani kwa nguvu zote, le. Kisha ukingoni mara tatu, polepole, fo, na, mi. Mdomo nimeufunga, mikono inasema. Nikarudia. Mikono haikuwa na mazoea ya Kiswahili. Mikono ilikanyaga pale nilipoituma.

Dada hakufurahishwa. Mkitwanga wawili kwenye kinu kimoja, mnapokezana: mmoja akishusha mwenzake anainua. Ukivuruga mpigo, michi inagongana.

"Unatwanga au unapiga ngoma?" akaniuliza.

Nikamwambia atwange na mimi hivyo hivyo na aache maswali. Akalalamika mpaka mchana, lakini dada ana masikio. Kufikia jioni alikuwa ameushika mpigo, anashusha mchi wake katikati ya zile gonga zangu tatu. Tulitwanga namna hiyo siku zote zilizobaki. Majirani walipita wakichungulia. Mmoja aliuliza kama ni mtindo wa kutwanga wa Italia, nikamwambia ndiyo.

Yule mama alifika siku moja kabla ya sherehe. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mwanamke mrefu mwembamba wa kwenye televisheni. Akashuka kwenye gari mama mfupi, mnene kama mimi, gauni la maua, uso mwekundu kwa jua, miguu imevimba kwa safari. Akabusu kila mtu mashavu yote mawili, pamoja na kaka yangu mkubwa, ambaye alirudi nyuma mpaka akakanyaga sufuria ya maharage. Nilitaka kumchukia kidogo ili nijipe nguvu, nikashindwa. Alikuwa ameleta jibini gumu kama sabuni ya mche, na alilikumbatia njia nzima, mwanawe akatuambia, ili lisije likapotea.

Siku yenyewe watu walijaa uani. Wajomba walisema, wakasema tena. Kisha dada akanyoosha mkono, kukawa kimya, tukasimama mimi na yule mama, katikati kuna mkeka. Nyuma yangu kulikuwa na mlango wa chumba alimokuwa binti.

Nilimtazama machoni. Nikasema, "Se piange."

Na hapo hapo kichwa kikawa cheupe. Neno limeondoka. Si kwamba nilikuwa na uzito mahali pabaya. Sikuwa na neno kabisa, hata silabi moja. Yule mama alikuwa amesikia "akilia", na uso wake ukabadilika, akawa anangoja. Mjomba akakohoa. Kijana akasogea kunisaidia, nikamtazama akarudi alikotoka. Mikono yangu ilikuwa mitupu, haina mchi. Niliwaza, basi, namtoa mtoto wangu bila neno.

Ndipo nikasikia mlango nyuma yangu. Kidole kikagonga: mguso mmoja mwepesi, pigo moja zito, miguso mitatu myepesi ikishuka.

"Telefonami," nikasema.

Ilitoka kama ilivyotakiwa kutoka. Yule mama hakucheka. Alivuka mkeka, jambo ambalo kwetu halifanywi, akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Telefonerò."

Neno hilo Sista hakuwa amenipa. Lakini nilisikia lilivyokwenda: nyepesi, nyepesi, nyepesi, nyepesi, kisha uzito wote ukatua mwisho, palepale ulipotua kwenye nitaongea. Kijana alifungua mdomo anitafsirie. Nikamwambia anyamaze, nimeshaelewa. Shangazi za ndani wakapiga vigelegele kabla ya dada kuruhusu, na dada akawasamehe.

Baadaye, watu wakila, nilimwendea binti nikamwambia amevunja mila. Akasema hakutoa sauti, kidole si sauti. Nikamuuliza alijuaje.

"Mama, tangu nimefika unatwanga telefonami kutwa," akasema. "Siku ya kwanza nilifunika uso kwa mto nikalia. Nilijua unaniaga."

Nilimwambia akale.

Basi, wakaenda, wakaishi nyumba ya jirani na yule mama. Na sasa niwaambie, kama mnataka kumpa mtu ahadi ya kutunza, msimpe Mtaliano yule, maana ataitunza mpaka mchoke. Simu ya kwanza ilinikuta shambani nikikata vichwa vya alizeti. Nikapokea, nikasikia, "Piange." Analia. Nilikaa chini kwenye udongo. Nyuma yake binti anapiga kelele, akamnyang'anya simu: alikuwa anakata vitunguu. Nikamwambia amwambie mkwe wake kwamba binti wa Singida akilizwa na kitunguu cha dukani si wa kuhurumiwa, ni wa kuchekwa. Mara ya pili alilia kwa sababu ya sinema. Mara nyingine alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yule mama, mtu wa haki, akaona nayo ihesabiwe.

Mara moja tu ilikuwa kweli. Ilikuwa baridi kali, mgonjwa aliyemhudumia kwa muda mrefu alikuwa amefariki, na binti hakuweza kusema. Nililaza simu kando ya kinu, nikamwaga mtama, nikatwanga. Nilipoichukua simu tena alikuwa anapumua vizuri, na mama mkwe wake alikuwa bado yuko hapo pembeni, nilimsikia akipenga kamasi.

Mwaka huu binti na mumewe wamehamia mji mwingine, mbali, kwa ajili ya kazi. Nilifurahi, wamepata mshahara mzuri. Majuma machache baadaye simu ikalia asubuhi, naona ni namba ya yule mama. Nikaketi kabisa, nikijua nitasikia lile neno, piange. Kisha akasema, "Piango."

Uzito ulikuwa pale pale mbele. Mkia tu ndio uliobadilika, kama parlo ya siku ya kwanza kwa Sista, ile ya ninaongea. Halikuwa neno la mtu mwingine. Alikuwa analia yeye.

Nikakumbuka siku ile kwenye mkeka. Watu wote wale, mila yote ile, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama akilia nani apigiwe. Yeye sasa nyumba ya jirani ni tupu, kama chumba changu cha ndani kilivyo tupu. Nilitaka kumwambia mambo mengi: habari za Sekenke, za jogoo, za mkwe wangu mkali aliyeteremka mlima. Kitaliano sina. Nina neno moja tu ninalolijua sawasawa.

"Telefonami," nikamwambia. Kisha tena, polepole, nikigonga meza kwa kidole ili asikie: telefonami.

Sasa hupiga kila Jumapili nikitoka ibadani. Hatuna lugha, kwa hiyo ananitajia alichopika, nami namtajia changu, na kila mmoja anasema mmm. Mara nyingi huanza yeye kulia, nami namngoja. Jumapili iliyopita nilianza mimi. "Piango," nikasema, na akakaa nami kwenye simu mpaka nilipomaliza.